Tusidanganyane: Gravure ya Japani Haijadumu kwa Sababu ya Bikini

Wadau, kuna ubishi mmoja ambao huwa hauishi mitandaoni, na kila ukiibuka watu wanagawanyika kama Simba na Yanga. Mtu anatupia picha ya zamani ya mrembo wa Kijapani. Dada wa watu kasimama ufukweni, nywele zimelowa, anacheka, rangi za picha zimefifia kidogo kama za kamera ya filamu. Aliyetupia hajaandika jina la huyo dada. Hajui, na wala hajali. Chini yake watu wanamiminika.

Kundi la kwanza linasema hiyo ndiyo sanaa, oneni heshima, oneni tabasamu, siyo hawa wa siku hizi wanaojianika kutafuta kiki. Kundi la pili linasema ushenzi ni ushenzi tu, hata ukipigwa kwa kamera ya mamilioni. Baada ya komenti mia mbili kila mtu anarudi nyumbani na alichokuja nacho.

Mimi leo nasimama katikati ya barabara, najua nitagongwa na pande zote mbili. Wanaosema gravure ni safi wanajidanganya. Wanaosema ni tamaa tupu nao hawajaiangalia vizuri. Kitu kilichoifanya fani hii idumu miaka karibu 50 ni kingine kabisa, na kuna mtu anakilipia bei kubwa. Huyo anayelipa ndiye ambaye hakuna anayemtaja kwenye ubishi wetu.

KWANZA TUELEWANE, GRAVURE NI NINI?

Neno lenyewe ni la wachapaji. Gravure ni njia ya kuchapa picha kwa silinda iliyochongwa vijishimo vidogo vya wino, inayotoa picha laini yenye vivuli vizuri. Majarida ya Japani yalikuwa na kurasa chache za picha zilizochapwa hivyo, na polepole jina la mtambo likahamia kwenye kilichochapwa. Wajapani wanatamka "gurabia", wakimaanisha zile kurasa za picha, hasa za wasichana. Msichana anayejulikana kwa kazi hiyo ni gravure idol, na wao hukatisha wakasema "guradoru".

Mara nyingi anavaa bikini, mara nyingine gauni la kawaida au jezi ya michezo. Nguo zote havui. Huo ndio mpaka wa fani, na ndiyo silaha kubwa ya wale wanaosema ni safi.

Ukiuliza ilianzia wapi, wengi watakutajia Agnes Lum, mzaliwa wa Hawaii, ambaye mwaka 1975 alichaguliwa kuwa Clarion Girl wa kwanza, yaani sura ya matangazo ya kampuni ya redio za magari. Japani nzima ikachanganyikiwa. Mwaka mmoja kabla yake, 1974, lilikuwa limeanzishwa jarida la GORO, na humo mpiga picha Kishin Shinoyama akajijengea jina kwa picha za mastaa na wasichana wa kawaida. Kama hilo jina halikuambii kitu, tafuta kava la albamu ya John Lennon na Yoko Ono ya mwaka 1980, Double Fantasy. Ni kazi yake. Amefariki Januari 2024 akiwa na miaka 83.

Na kama wewe ni mtu wa anime, usijifanye haikuhusu. Kingdom inatoka kwenye Weekly Young Jump. Blue Lock inatoka kwenye Weekly Shonen Magazine. Yote mawili ni majarida ya manga ambayo mara kwa mara kava lake linabeba msichana halisi badala ya mhusika wa katuni, na ndani kuna kurasa za picha zake kabla hujaifikia hadithi. Shueisha, nyumba iliyotupa Naruto na One Piece, ndiyo inayotoa pia Weekly Playboy ya Japani tangu 1966. Halina undugu na lile la Marekani, jina tu limefanana.

Kwa hiyo tunaongelea kitu kilicho katikati kabisa ya biashara ya vitabu na majarida ya nchi hiyo, kinachouzwa mchana kweupe karibu na maziwa na mikate.

KAMA NI TAMAA TU, MBONA HAIJAFA?

Nianze na ndugu zangu wa kundi la pili. Hesabu yenu ni rahisi: wanaume wanataka kuona mwili, jarida linawaonyesha mwili, basi. Sasa nijibuni hili. Tangu simu ziwe na intaneti, picha za uchi ni za bure, hazina mwisho, na hakuna anayekuona ukiziangalia. Kama watu walikuwa wanatafuta mwili tu, kitu kinachouzwa kwa hela na kinachoonyesha kidogo kilitakiwa kife ndani ya wiki moja.

Yaliyokufa ni yale mengine. Agosti 2019 maduka makubwa matatu ya saa 24 ya Japani, Seven-Eleven, Lawson na FamilyMart, yaliacha kuuza majarida ya watu wazima. Dunia ilikuwa inakuja kwa Kombe la Dunia la Raga na baadaye Olimpiki, na biashara yenyewe ilikuwa imeshadorora. Majarida ya manga yenye wasichana wa gravure kavani yakabaki rafuni. Hayajawahi kuhesabiwa kuwa ya watu wazima.

Desemba 2019 mtangazaji wa zamani wa televisheni, Minami Tanaka, akiwa na miaka 33, akatoa kitabu chake cha picha. Nakala zilizochapishwa zikafika laki 6, tena katika nchi ambayo majarida na vitabu vilikuwa vinashuka mauzo mwaka hadi mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Na sehemu kubwa ya waliokinunua walikuwa wanawake. Walitaka kujua mwanamke wa rika lao anautunzaje mwili wake na anajiaminije mbele ya kamera. Hebu niambie, hao nao ni tamaa?

UTAMU UNATENGENEZWAJE

Hapa ndipo penye siri, na ningependa kila mtu anayependa picha apaangalie taratibu.

Fungua seti yoyote nzuri ya gravure uifuate ukurasa kwa ukurasa. Picha ya kwanza huwa ni uso. Anakuangalia, anacheka, kavaa nguo za kawaida. Anashuka kwenye basi la kijijini au anatembea kichochoroni Okinawa. Halafu anakula barafu iliyosagwa yenye sharubati, imemdondokea kidoleni. Bikini inakuja baadaye, ufukweni, mchana. Kisha jua linazama, nywele zimelowa, kachoka kidogo. Mwisho yuko chumbani hotelini, au kituoni anakupungia mkono.

Umeona walichofanya? Hiyo ni safari. Wewe msomaji umesafiri naye siku nzima. Kamera imewekwa pale pale ambapo mpenzi wake angesimama: ng'ambo ya meza, hatua moja nyuma yake kwenye ngazi, pembeni yake kwenye mchanga. Hata kutazama pembeni kwa aibu kumepangwa, na kumepangwa na mhariri, mpiga picha, mtu wa nguo, mtu wa vipodozi na meneja aliyesimama nyuma ya kamera na mwavuli.

Pembeni ya picha kuna maandishi madogo: anatoka mkoa gani, ana urefu gani, anapenda nini, hata kundi lake la damu, kwa sababu Wajapani wengi hulichukulia kama sisi tunavyochukulia nyota. Ukimaliza kusoma, unamjua. Au unadhani unamjua.

Kisha biashara inaendelea nje ya jarida. Umempenda, unanunua kitabu chake. Ukinunua kwenye siku ya uzinduzi unampa mkono. Ukinunua nakala zaidi unapata picha ya papo kwa papo ukiwa naye, ile ya kamera ya Instax, ambayo wao wanaiita "cheki" (na hapana, hawakuitoa kwetu). Anaisaini, anaandika jina lako. Wiki ijayo ukirudi anakukumbuka. Kuna hata vikao ambavyo shabiki mwenye kamera yake analipa kwa muda, anaingia studio au bwawani pamoja na mashabiki wengine, na anapiga mwenyewe.

Kwa hiyo kinachouzwa ni ukaribu. Mtu anarudi baada ya miaka 10 kwa sababu anaona kama kuna mtu upande wa pili anayemfahamu. Mwili mzuri kila mtaa unao. Hisia kwamba umekumbukwa na mrembo wa kwenye kava ndiyo adimu, na Wajapani wamejenga kiwanda chake.

Ushahidi wangu mkubwa ni wa mwaka 2023. Mwishoni mwa Mei, Weekly Playboy ilitoa kitabu cha picha cha kidijitali cha msichana aliyetengenezwa kwa akili mnemba. Ngozi haina doa, umbo limepangwa, bahari ni ya buluu. Kelele zikapigwa, na tarehe 7 Juni wahariri wakakiondoa sokoni, wakikiri hawakuwa wametafakari vya kutosha. Hakijamaliza hata wiki mbili. Kama fani ingekuwa ni mwili tu, kile kitabu kilikuwa mwisho wa ubishi, maana mashine haichoki, haizeeki, haidai nauli. Ila mashine haina mkoa iliyotoka. Haikumbuki jina lako. Barafu haiwezi kuidondokea kidoleni ikashtuka kweli.

SASA NYIE MNAOSEMA NI SAFI

Mnaona nimewatetea, eh? Subirini kwanza.

Huo ukaribu mnaouita heshima ni bidhaa, na bidhaa inatengenezwa na mfanyakazi. Mrembo akikucheka kwenye picha yuko kazini. Inaweza kuwa ni Februari, upepo wa bahari unakata kama wembe, na yeye kavaa bikini kwa sababu toleo la majira ya joto linapigwa mapema. Usafi mnaousifu ni sehemu ya maelezo ya kazi yake, kama tabasamu la mhudumu wa ndege.

Tatizo linaanza pale mteja anaposahau kwamba ni kazi. Mwaka 2013 msichana wa kundi kubwa la waimbaji la Tokyo, kundi ambalo miaka ile lilikuwa limejaza kava za majarida haya, alinyoa upara na kutokea kwenye video akilia na kuomba radhi. Kosa lake? Jarida lilimwonyesha akitoka nyumbani kwa mwanaume. Alikuwa na miaka 20. Mtu mzima anaomba msamaha kwa mamilioni ya watu kwa kuwa na mpenzi, kwa sababu mamilioni hao walikuwa wameuziwa hisia kwamba hiyo nafasi ni yao.

Mei 2016, pale pale Tokyo, mwimbaji mwingine wa miaka 20 alichomwa visu mara nyingi na shabiki nje ya ukumbi aliokuwa aimbe. Alikuwa ameshakwenda polisi kueleza kwamba jamaa anamsumbua. Jamaa alikuwa amemtumia zawadi, zikarudishwa, akachukia. Dada alipona kwa neema ya Mungu, na mshambuliaji akahukumiwa zaidi ya miaka 14. Huyo hakuwa wa gravure, lakini soko ni lile lile linalomwambia mwanaume kwamba ukilipa na ukiwa mwaminifu, yule dada kwa namna fulani anakuwa wako. Wengi wanajua ni mchezo. Mmoja asiyejua anatosha.

Na kuna hili ambalo mashabiki wa "enzi zile zilikuwa safi" huwa wanaliruka kwa makusudi. Kurasa hizi zimewahi kuweka wasichana wa miaka 16 na 17, tena kwenye majarida yanayosomwa na watoto wa shule. Ilifika hadi kukawa na soko la watoto wadogo kabisa, likijificha nyuma ya neno idol. Kumiliki picha chafu za watoto kulifanywa kosa la jinai Japani mwaka 2014 tu, miaka 15 baada ya kutengeneza na kusambaza kupigwa marufuku. Hapo sina ubishi na mtu na sitaki "lakini" yoyote. Mtoto ni mtoto. Ukisifia usafi wa fani nzima bila kuligusa hili, unasifia rangi ya nyumba huku ukiruka chumba kimoja kilichofungwa.

NA NYIE MNAOTAKA IFUNGWE

Juni 2023, mkoa wa Saitama, jirani na Tokyo. Kulikuwa na vikao vya kupiga picha warembo wa gravure kwenye mabwawa ya kuogelea ya umma. Wanasiasa wa upinzani wakaandika kupinga, wakaeleza wasiwasi wao, na baadhi ya hoja zilikuwa za msingi, ikiwemo ya umri wa washiriki. Wasimamizi wa mabwawa wakaona njia rahisi ni kuwaomba waandaaji wafute vikao. Siku chache tu kabla.

Nani hakuulizwa? Warembo wenyewe. Wale walioshika nafasi, waliojiandaa, waliotegemea hela ya siku hiyo. Wakaingia Twitter wakaandika wazi: sisi ni watu wazima, hii ni kazi yetu tuliyoichagua, mnatulinda kwa kutunyima mshahara? Baada ya siku chache gavana akaagiza lile ombi liondolewe kwa waandaaji ambao hawakuvunja masharti.

Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi pande zote zinavyofanana. Shabiki anamwona msichana kama malaika. Anayetaka fani ifungwe anamwona kama mtoto aliyepotea. Wote wawili wanaongea kwa niaba yake. Alipofungua mdomo mwenyewe, akaongelea ratiba, malipo na masharti ya kazi, kama fundi yeyote.

Na wapo walioichukua kazi hii wakaifanya ngazi. Eiko Koike alianzia kwenye bikini za majarida. Mwaka 2022 alikuwa Hojo Masako, mmoja wa wahusika wakuu kwenye tamthilia ya kihistoria ya NHK ya mwaka mzima, nafasi ambayo waigizaji wa Japani wanaiota. Mwingine, Yuka Kuramochi, alipoona majarida yanapungua na kava zote zinakwenda kwa waimbaji wa makundi, Januari 2014 alianzisha Twitter kile alichokiita klabu ya selfi ya warembo wa gravure. Wenzake wakajirusha kwenye hashitegi moja, kila mtu na simu yake, bila kusubiri mhariri. Waliokuwa hawajulikani wakaanza kujulikana. Baadaye akaandika kitabu kizima kuhusu gravure kama kazi: namna ya kujiuza, kupanga, kujilinda. Huyo utamwambia nini kuhusu kupotea?

BILI IMEKAA WAPI

Tukubaliane basi kwamba hii ni kazi. Tuulize maswali ya kazi.

Kurasa za jarida mara nyingi huhesabiwa kama tangazo kwa msichana, kwa hiyo malipo yake ni madogo, na hela anaitegemea kwenye DVD, vitabu, matukio na vikao vya picha. Kabla haijamfikia inapita kwa menejimenti. Akiwa mgeni hana nguvu ya kusema bikini hii ni ndogo mno, sivai. Akisema, kuna wengine 20 wanaosubiri. Wenyewe huwa wanasimulia hivyo baada ya kutoka kwenye fani, na kutoka kwenyewe kuna jina la heshima, wanaita kuhitimu, kama shule.

Tangu Aprili 2022 mtu mzima Japani ni wa miaka 18 badala ya 20. Maana yake msichana wa miaka 18 au 19 akisaini mkataba mbaya, mzazi hawezi tena kuuvunja kwa hoja kwamba mtoto alisaini bila ruhusa. Juni mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuwalinda waigizaji wa video za ngono, ikiwapa haki ya kuvunja mkataba na kuzuia kazi isiendelee kuuzwa. Sheria nzuri. Lakini inahusu zile video. Dada wa gravure hakuguswa nayo. Akijuta picha zake akiwa na miaka 30, ana mkataba wake na bahati yake.

Yaani kwa kuwa fani inaitwa safi, mtu anayeifanya anabaki na ulinzi mdogo kuliko yule wa fani inayoitwa chafu. Hiyo sifa ya usafi mnayoipigania huko kwenye komenti inamgharimu yeye.

Na sisi tumo. Zile kurasa za Instagram na X zinazorusha picha za gravure za miaka ya 80 na 90, hazina jina la mrembo, hazina jina la mpiga picha, hazina mwaka. Kazi ya watu sita ufukweni Saipan inakuwa mapambo ya ukurasa wa mtu anayekusanya wafuasi. Fani nzima imejengwa juu ya kumjua mtu: jina, mkoa, anachopenda, kundi la damu. Sisi tumechukua picha tukatupa mtu. Halafu tunajiita mashabiki wa kweli!

MSIMAMO WANGU

Gravure itaendelea kuwepo. Karatasi zikiisha itabaki kwenye simu, na simu zikibadilika itahamia kwingine, kwa sababu watu wapweke hawapungui, na kiu ya kukumbukwa na mtu haijapata dawa. Sioni haya kusema kwamba picha nyingi ni nzuri sana, zimepigwa na watu wanaojua mwanga kuliko tunavyojua wi-fi ya jirani.

Ila nataka mambo matatu, na ndiyo nitakayoyabishania mpaka bando liishe. Chini ya miaka 18 hapana, iwe bikini, iwe "ya heshima", iwe jarida la nani. Mwenye picha awe na haki ya kisheria ya kubadilisha uamuzi, kama wenzake wa ile sheria ya 2022. Na sisi tunaotupia, tuandike jina. Kama hulijui, litafute, picha siku hizi inatafutika kwa sekunde 5. Ukishindwa kabisa, jiulize kwa nini unampenda mtu ambaye hutaki hata kujua anaitwa nani.

Najua wa timu "sanaa" wataniambia nimeharibu raha, na wa timu "ushenzi" wataniambia nimehalalisha. Karibuni wote hapo chini. Ila kabla hujaanza kutype, fungua ile picha ya mwisho ya gravure uliyoisevu kwenye simu yako, kisha tuandikie jina lake.